Abiria Asiyesafiri

Katika stendi ya Kilosa, hakuna kitu kinachoogopwa na msafiri kama gari tupu. Mtu atafika na begi lake, atachungulia ndani ya kosta, ataona viti vimejipanga kimya kama darasa wakati wa likizo, naye atarudi nyuma na kujifanya anatafuta kivuli. Anajua kwamba gari haliondoki mpaka lijae, na hataki kuwa wa kwanza kutoka jasho kwa niaba ya wengine. Anayefika baada yake hufikiri vivyo hivyo. Ndiyo maana gari zima, lenye dereva aliyelala vizuri na kuamka mapema, laweza kukaa asubuhi yote bila mtu, ilhali abiria wake wote wamelizunguka, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Ugonjwa huo ndio uliompa Melkizedek kazi.

Melkizedek ni mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye uso wa mtu anayetoka kwenye shughuli ya heshima na kuelekea kwenye nyingine. Nimemfahamu muda mrefu, kwa kuwa tunasali kanisa moja. Alianza pale stendi akiwa mchukuzi wa magunia. Mgongo ulipomkatalia, Ashrafu, mpiga debe wa magari ya Mikumi, alimwonea huruma akamwambia aingie ndani ya gari apumzike. Melkizedek akakaa dirishani. Muda haukupita, akina mama wawili waliokuwa wamesimama nje wakaingia; nyuma yao wakaingia vijana; baada ya hao wakaingia wote waliokuwa wakitafuta kivuli. Gari lilipojaa, Melkizedek akashuka, naye Ashrafu akamtazama kama mtu aliyeokota ufunguo wa kufuli lililomshinda siku nyingi. Tangu hapo kazi yake ikawa kukaa.

Anayedhani kwamba kukaa si kazi hajajaribu. Melkizedek hakukaa kiti cha mbele, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kiti hicho ni cha rafiki wa dereva. Hakukaa nyuma, kwa sababu huko haonekani. Alikaa safu ya tatu, dirishani, upande unaotazama stendi. Alikuwa na begi lililojazwa matambara ili lionekane zito, na mkononi alivaa saa iliyokwisha kufa. Zaidi ya yote, hakutulia. Alitoa shingo nje, akairudisha, akatazama ile saa, akasonya, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vibanda vya chai: "Jamani, gari hili lina dereva, au tumeletwa kupigwa picha?" Waliomsikia waliamini kwamba gari li karibu kuondoka, kwa maana mtu halalamiki hivyo isipokuwa amengoja hadi mwisho wa kungoja.

Viti vilipobaki vya kuhesabika, Ashrafu aligonga bodi la gari kwa kiganja mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Melkizedek aliinuka, akasema, "Ngoja nikanunue maji," akashuka na begi lake, na msafiri wa kweli akaketi kwenye kiti kilichokwisha kupata joto. Yeye akazunguka nyuma ya vibanda, akapanda gari lililofuata.

Wapo waliomwita mwongo. Mwenyewe alijitetea kwamba hajapata kumwambia mtu yeyote kuwa anasafiri. Yeye alikaa tu, mengine watu walijiambia wenyewe. Sina hakika kwamba utetezi huo ungesimama mbele ya hakimu, lakini najua kwamba wengi walifika Mikumi mapema kwa sababu yake, na yeye hakufika.

Baya zaidi ni kwamba kazi hiyo ilimwingia mwilini. Nyumbani hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kuinuka na kutazama nje. Kanisani, benchi lilipojaa na mtu akagonga ubao kwa goti, Melkizedek alisimama akatoka. Katekista aliamini kwa muda mrefu kwamba tumbo lake si zima. Misibani alisifiwa kwa adabu, maana kila aliyekuja amechelewa alikuta Melkizedek amekwisha kumpisha.

Siku ya Ijumaa ninayotaka kuisimulia, simu yake iliita akiwa ndani ya gari, kazini. Alikuwa mpwa wake, Lightness, fundi cherehani wa Ruhembe, mtoto wa dada yake Teresia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

"Mama yuko karibu. Mjomba, kesho usikose. Wazee wa Elia wanatoka Dumila alfajiri, wanapitia huko huko Kilosa. Ukikosa na kesho, hawarudi tena. Elia mwenyewe kaniambia."

Elia alikuwa dereva wa lori la miwa huko Kidodi, kijana mpole aliyetaka kumwoa Lightness. Katika ukoo wa Teresia, mtoto ni wa upande wa mama, na shauri la ndoa hufunguliwa na mjomba. Mjomba asipokuwapo, wageni hunywa chai, hushukuru, hurudi kwao. Teresia alikuwa na ndugu wawili wa kiume. Mkubwa, Danieli, alikwisha kufariki, akabaki Melkizedek peke yake. Na wazee hao walikuwa wamekuja mara moja, wakati Melkizedek yu kitandani kwa homa, wakanywa chai wakarudi. Mshenga wao alikuwa amesema, kwa upole wa kutisha, kwamba kuja mara ya pili ni heshima, bali kuja mara ya tatu ni kujipendekeza.

"Nitakuja," alisema Melkizedek.

"Nitakuja ya kweli, mjomba, au ya stendi?"

Kabla hajajibu, simu ilichukuliwa na Teresia.

"Meki! Unapanda magari kuliko dereva yeyote wa wilaya hii, na tangu tumzike mama hujafika kwangu. Kesho sikutaki kwenye gari. Nakutaka kwenye kiti changu."

"Sawa, dada. Shikamoo."

"Shikamoo yako uilete mwenyewe," alisema Teresia, akakata.

Jumamosi aliamka kabla ya adhana. Akatoa matambara yote kwenye begi, akatia kitenge cha dada yake, maharage ya shambani kwake, na shati jeupe alilotaka kulivaa akikaribia, lisije likachafuliwa na vumbi la njia ya kijiji cha Ulaya. Begi lilikuwa zito kweli, na uzito huo ulimshangaza begani.

"Leo umewahi kazini," Ashrafu alimpokea.

"Leo nasafiri."

Ashrafu akageuka akawatangazia wenzake. "Mmesikia? Mzee Abiria anasafiri! Nani ana kamera? Leteni na maua!"

Doto, kondakta wa gari la kwanza, alipopewa nauli aliisukuma kando huku akicheka. "Mzee wangu, usiniigizie mimi. Waigizie wateja."

"Pokea, Doto. Naenda Ruhembe. Mpwa wangu anaposwa leo, nami ndiye mjomba."

Doto akaacha kucheka, akapokea. "Basi kaa unapopenda, mzee. Leo wewe ni bosi."

Angeweza kukaa popote. Akakaa safu ya tatu, dirishani, begi lake zito akaliweka chini kati ya miguu.

Hapo alianza kupambana na jambo ambalo hakulitarajia. Kwa kuwa safari yake ilikuwa ya kweli, alitaka kutulia kama msafiri wa kweli: mikono mapajani, macho mbele. Lakini alipotulia, hakuna aliyepanda. Watu walichungulia, wakamwona mtu aliyetulia tuli kama mgeni kwenye sebule, wakarudi kwenye kivuli. Jua likaanza kupanda. Melkizedek alikaza magoti. Aliwaza wazee wanaotoka Dumila. Aliwaza dada yake akipanga viti. Aliwaza kwamba yuko ndani ya gari ambalo halina mtu wa kulijaza isipokuwa yeye.

Akatoa shingo nje. Akatazama saa iliyokufa. Akasonya.

"Jamani, gari hili lina dereva, au tumeletwa kupigwa picha? Watu tuna shughuli huko tuendako!"

Safari hii hakuigiza, na huenda ndiyo sababu sauti ilitoka vizuri kuliko siku zote. Wazee wawili waliovaa makoti walitazamana, wakapanda. Akapanda mama mwenye kuku, kisha wanafunzi wa chuo, kisha kundi zima lililokuwa kwenye chai. Ashrafu alikuwa akiimba mlangoni, jasho likimtiririka: "Mikumi, Mikumi, moja kwa moja, aliyekaa amefika!" Mwisho, kutoka upande wa vyoo, alikuja mzee mwenye fimbo nyeusi, akitembea haraka kwa kadiri goti lake lilivyomruhusu. Viti vyote vilikuwa na watu. Ashrafu alimwona mzee, akaona gari limejaa, na mkono wake ukafanya ulichokuwa ukikifanya kila siku. Uligonga bodi mara mbili.

Melkizedek aliinuka.

"Ngoja nikanunue maji," alisema, akapita katikati ya magoti ya watu, akashuka. Mzee mwenye fimbo alimshukuru kwa kuinamisha kichwa, akaketi. Doto, aliyekuwa akipanga mizigo juu, akaruka chini, akaingia kwa mlango wa mbele na kupiga mluzi, gari likaondoka.

Melkizedek alifika kwenye banda la vinywaji, akasimama. Kwa kawaida alilipita. Siku hiyo alisimama, kwa sababu kitu fulani kilikuwa hakipo: bega lake lilikuwa jepesi. Akageuka. Vumbi la gari lilikuwa bado linatua barabarani, na ndani ya vumbi hilo begi lake, kitenge na shati jeupe vilikuwa vinakwenda Mikumi.

Ashrafu alimwona akiwa amesimama. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mzee! Si umesema unasafiri?"

"Nimesema."

"Sasa umeshuka kwa nini?"

"Umegonga kwa nini?"

Wakatazamana. Ashrafu akatoa simu.

Simu ya Doto haikupatikana. Njia ile ina mahali pengi ambapo mtandao hupotea. Simu ya Melkizedek mwenyewe iliita, ikaandika jina la Lightness. Aliitazama mpaka ikanyamaza, maana hakujua amjibu kwa "nitakuja" ipi kati ya zile mbili. Akazunguka banda. Akarudi. Akazunguka tena. Aliyekuwa nyuma ya meza akamuuliza kama anataka maji au anataka banda, naye, kwa haya, akanunua chupa ya maji. Ilikuwa ya kwanza katika miaka yote hiyo.

Gari la pili lilisogea kwenye nafasi. Lilikuwa tupu, na kivulini hapakuwa na watu wengi, wala hapakuwa na mtu wa kulikalia. Mkaaji wa stendi alikuwa msafiri.

Ashrafu alilitazama, akamtazama Melkizedek, kisha akafanya kitu ambacho hajapata kukifanya. Akaingia ndani akakaa. Akamwita mpiga rangi viatu, naye akakaa. Akamwita Sintamei, mama wa Kimasai auzaye maziwa pembeni ya lango, naye akapanda na ndoo yake, akakaa bila kuuliza. Melkizedek mwenyewe alikwenda kiti cha nyuma kabisa, kwenye kona, mahali ambapo mtu hawezi kutoka mpaka jirani zake wote wasimame.

"Mikumi, Mikumi, siti ya mwisho!" Ashrafu alipaza sauti kutoka dirishani.

"Ashrafu, abiria hapigi debe," Melkizedek alimwambia kutoka nyuma. "Nyamaza. Nuna."

"Ninune vipi?"

"Kama umedhulumiwa. Na wewe mama, usicheke. Tazama barabara kama mtu aliyeacha ng'ombe bila mchungaji."

"Nimewaacha kweli," alisema Sintamei. "Nakuja kuuza maziwa, nakutana na vichaa."

Akatazama barabara kwa uchungu usio na mfano. Mtu mmoja akapanda, na baadaye wawili. Mkaaji mmoja mmoja akaanza kushuka kuwapisha wenye nauli, na kila aliposhuka mmoja, kiganja cha Ashrafu, ambaye sasa alikuwa amerudi mlangoni, kiligonga bodi. Huko nyuma magoti ya Melkizedek yaliruka kila mara. Akashika chuma cha kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na hakukiachia mpaka alipoona mashamba ya Ulaya dirishani.

Hata hapo hakupata raha. Alijua kuhesabu viti, hakujua kuhesabu njia; kila kona ilimdanganya kwamba ni ya mwisho. Alitaka kumwambia dereva aongeze mwendo, akakumbuka amewahi kusema maneno hayo mara ngapi bila kuyamaanisha, akanyamaza. Mikumi alibadili gari. Kwenye njia ya Kidodi malori ya miwa yalikuwa mbele yao, yamepakia hadi juu, hayapitiki, yakidondosha miwa barabarani, na dereva akayafuata polepole kama anayesindikiza jeneza. Melkizedek alikuwa na shati lenye vumbi, hana begi, hana zawadi. Mkononi alikuwa na chupa ya maji tu, na jua lilikuwa limekwisha kuvuka upande wa pili wa gari.

Kutoka barabarani hadi kwa dada yake alikwenda nusu anatembea, nusu anakimbia. Alipofika uani alikuta ukimya wa watu waliokwisha kunywa chai. Chini ya upenu waliketi wageni watatu: wazee wawili waliovaa makoti, na katikati yao mzee mwenye fimbo nyeusi. Mbele yao kilikuwapo kiti kimoja kilichoachwa wazi. Juu ya kiti hicho liliwekwa begi lake.

Melkizedek akasimama kama aliyegongewa bodi.

"Ndiye!" alisema mzee wa fimbo, akijiinua kwa taabu. Huyo alikuwa Bonifas, mshenga wa upande wa Elia. "Mama Lightness, sikukuambia? Ndiye huyu. Nilikuta begi kati ya miguu yangu, kondakta akasema ni la mtu anayekwenda Ruhembe kwa mpwa wake. Nikasema, Mungu wangu, mjomba mwenyewe amenipisha kiti! Amebaki yeye ili nifike mimi mwenye goti bovu. Ndiyo maana tumengoja. Nyumba yenye mjomba wa namna hii haiachwi kwa sababu ya jua."

Teresia, aliyekuwa mlangoni, alimtazama mdogo wake. Alikuwa anamjua. Katika macho yake kulikuwa na maombi mafupi: nyamaza, kaa.

Melkizedek hakukaa. Aliamkia wazee, akamwamkia dada yake, akasimama na chupa yake.

"Baba, sikukupisha," alisema. "Nilishuka kununua maji."

Wageni wakacheka wakidhani ni unyenyekevu.

"Ni kweli, baba. Kazi yangu ni kukaa kwenye magari ili watu wayaone yana watu. Gari likijaa hugongwa, nami hushuka. Leo nililipa nauli yangu, lilipogongwa nikashuka tu. Sikuwa nimekuona. Angekuwa mwizi, ningempisha mwizi."

Ndani ya nyumba, cherehani iliyokuwa ikisikika ilinyamaza. Teresia alifumba macho. Mzee mmoja mwenye koti alimgeukia mwenzake. Bonifas alishusha fimbo yake chini, akaiegemea, akamtazama Melkizedek kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyepata kumtazama kupitia dirishani.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga kelele kuhusu kupigwa picha?"

"Ndimi, baba."

"Hawa wenzangu walitaka kupanda Noah iliyokuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa chooni. Nilipotoka wakanipigia simu, wakasema, njoo huku, gari hili linaondoka, kuna mtu humu amechoka kungoja." Mabega ya mzee yalianza kutikisika. "Ile Noah tuliikuta imelala njiani, tairi juu, abiria wamekaa majanini. Sasa niambie. Ulikuwa unadanganya, au ulikuwa umechoka kungoja?"

Melkizedek alifikiri. "Leo nilikuwa nimechoka kweli."

Bonifas akacheka mpaka akatafuta kiti kwa mkono. Wenzake nao wakacheka, kwanza kwa adabu, halafu kwa moyo wote. "Mtu anayejiumbua mwenyewe posani," alisema akifuta macho, "mahari yake haitakuwa na ujanja. Anza, mjomba. Jua linatuacha."

Teresia akaondoa begi kwenye kiti, akalipima uzito, akalikumbatia bila kulifungua. Melkizedek akaketi. Wakati huohuo Elia aliingia uani kutoka kwenye lori lake, akiwa na makapi ya miwa mabegani, akasalimia kwa kuinama, na mzee wa pembeni akagonga benchi kwa kiganja kumwonyesha nafasi. Aligonga mara mbili.

Magoti ya Melkizedek yakaanza kunyanyuka.

"Kaa," alisema Teresia nyuma yake, akimwekea begi mapajani, lote pamoja na maharage yake. "Maji unayo."

Akakaa. Akaweka chupa chini, karibu na mguu wa kiti. Kwa desturi ya ukoo wao, neno la kwanza la mjomba huwa swali, nalo ni lile lile ambalo kila mwenyeji humuuliza mgeni wake. Melkizedek hakuwa amelitamka kwa muda mrefu, maana mahali alipofanyia kazi hakuna aliyekuwa amefika.

"Wazee wangu," alisema, "habari za safari?"

"Safari njema, mjomba," Bonifas akajibu. "Kiti nilipata."

Na ndani ya nyumba, cherehani ikaanza tena.